Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu filamu za Sam Peckinpah

Sam Peckinpah alifariki mwaka 1984, lakini ugomvi juu ya filamu zake haukuzikwa naye. Kila zinapotajwa mbele ya wapenzi wa sinema, maswali huwa yaleyale: mbona damu nyingi, mbona watu wanaanguka polepole, vipi kuhusu lile tukio la Straw Dogs, nianze na ipi. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kama ninavyoyajibu nikiulizwa ana kwa ana. Mimi ni mpenzi wa kazi zake na sifichi. Ila kupenda si kufumba macho, na humu yamo mambo nisiyoyatetea. Angalizo moja: nimesimulia hadi miisho, kwa sababu kwa Peckinpah uzito wa filamu mara nyingi umelala kwenye dakika za mwisho.

Sam Peckinpah ni nani?

Ni mwongozaji wa filamu wa Kimarekani, aliyezaliwa tarehe 21 Februari 1925 huko Fresno, California. Ukoo wake ulikuwa wa wanasheria na wafugaji. Babu yake mzaa mama, Denver Church, alikuwa jaji na aliwahi kuwa mbunge katika bunge la Marekani, na shamba lake la mifugo ndiko Sam alikojifunzia kupanda farasi na kuwinda. Upo hata mlima California wenye jina la Peckinpah. Kwa hiyo alipokuja kutengeneza sinema za makauboi hakuwa akisimulia nchi ya vitabuni. Alikulia miguuni pa wazee waliouona mwisho wa maisha yale.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alijiunga na jeshi, na mwaka 1945 akapelekwa China na kikosi kilichosaidia kuwapokonya silaha askari wa Japani na kuwarudisha kwao. Aliporudi akasomea tamthilia, kisha akawa msaidizi wa mwongozaji Don Siegel, akaandika na kuongoza vipindi vya televisheni. The Rifleman ya 1958 na The Westerner ya 1960 zilitoka mikononi mwake. Baada ya hapo akaingia kwenye sinema, na kuanzia The Deadly Companions (1961) hadi The Osterman Weekend (1983) aliongoza filamu ndefu 14. Alifariki Desemba 1984 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 59.

Kwa nini aliitwa Sam wa Damu?

Kwa sababu ya filamu moja hasa, The Wild Bunch ya mwaka 1969. Kabla yake hakuna aliyemwita hivyo. Filamu yake ya pili, Ride the High Country (1962), ni hadithi tulivu ya wazee wawili waliowahi kuwa walinda sheria, wamechoka, mmoja bado mwaminifu na mwingine anataka kuiba dhahabu waliyokabidhiwa kuisindikiza. Joel McCrea na Randolph Scott waliicheza kwa heshima kubwa. Mzee aliyechezwa na McCrea anasema anataka tu kuingia nyumbani mwake akiwa amehesabiwa haki, maneno yanayotoka kwenye Injili ya Luka, na mwishoni anamwomba mwenzake awatoe wengine pale, kisha anakufa peke yake akiitazama milima. Mtu aliyeanza na filamu hiyo hashangai sana anapofika kwenye The Wild Bunch. Mada ni ileile: watu waliopitwa na wakati, na swali la namna ya kufa kwao.

The Wild Bunch ilikuwa na jambo gani jipya?

Hapa inabidi nikae kidogo.

Hadithi inatokea mwaka 1913, mpakani mwa Texas na Meksiko. Kundi la majambazi waliozeeka, wakiongozwa na Pike Bishop (William Holden), wanaingia mji mdogo wakiwa wamevaa sare za jeshi la Marekani ili kuiba fedha za kampuni ya reli. Njiani wanapita watoto wamechuchumaa, wanacheka. Kamera inapoinama tunaona wanachochekea: wamewatupa nge katikati ya siafu na wanatazama wakiliwa. Wazo hilo lilitoka kwa Emilio Fernández, mwongozaji mkongwe wa Meksiko aliyecheza pia kama Jenerali Mapache. Baadaye watoto wanafunika nge na siafu kwa majani makavu na kuwasha moto.

Katika dakika zile za mwanzo Peckinpah ameshasema karibu kila kitu. Juu ya paa wamejificha wawinda vichwa waliokodiwa na kampuni ya reli. Barabarani linapita andamano la watu wanaopinga ulevi, wanaimba, wana bendi. Risasi zinapoanza, zinawapitia wote. Hakuna anayejali raia, si majambazi wala waliotumwa kuwakamata. Katika sinema za makauboi za miaka iliyotangulia, steringi alifyatua risasi moja, adui akashika kifua na kuanguka akiwa safi. Humu mwanamke anakanyagwa na farasi, mtu anaanguka kutoka juu ya paa huku mwingine akiwa bado hajafika chini, na watoto wawili wanakumbatiana katikati ya barabara wakitazama. Na fedha zenyewe? Magunia yakifunguliwa yana washa za chuma, zile pete za kufungia boliti. Watu wamekufa bure.

Upande wa ufundi, Peckinpah na mpiga picha wake Lucien Ballard walitega kamera kadhaa kwa wakati mmoja, nyingine zikinasa kwa kasi ya kawaida ya picha 24 kwa sekunde, nyingine kwa kasi kubwa zaidi ili zikionyeshwa mwendo uwe wa pole. Kisha mhariri Lou Lombardo akavikata vipande hivyo na kuvisuka: kipande cha kawaida, cha pole, cha kawaida, nusu sekunde hapa, robo sekunde pale. Filamu nzima ina vipande zaidi ya 3,600, idadi ambayo kwa wakati ule ilikuwa ya kushangaza. Waigizaji walifungwa vifuko vya damu bandia vyenye vilipuzi vidogo, vingine mbele na vingine mgongoni, ili risasi ionekane inaingia na kutoka.

Athari yake ni kwamba muda unavunjika. Mtu anapigwa risasi, tunahamia kwa mwingine, tunarudi kwa yule wa kwanza na bado anaanguka. Kifo kinachukua nafasi. Ndicho alichokifanya Peckinpah ambacho wengi hawakioni kwa sababu ya wekundu wa damu: alimpa mfu muda kwenye kioo.

Na ile vita ya mwisho?

Mapache amemkamata Angel, kijana mmoja wa kundi, kwa kosa la kuwapa wanakijiji wenzake kreti moja ya bunduki. Anamburuza nyuma ya gari lake uwanjani. Wenzake wanaona, wana dhahabu yao mfukoni, na wanaamua kunyamaza. Wanakwenda kunywa na kulala na wanawake.

Asubuhi Pike yuko kwenye chumba kimoja na msichana kahaba na mtoto wake mchanga. Anamalizia chupa. Hakuna hotuba. Anakwenda mlangoni mwa chumba cha pili na kusema twende. Lyle Gorch (Warren Oates) anamtazama, anajibu kwa nini tusiende. Basi. Wanne wanachukua bunduki na kutembea wakiwa wamejipanga ubavu kwa ubavu kupita katikati ya askari, huku muziki wa kijiji ukiendelea. Matembezi hayo hayakuwamo kwenye mswada. Peckinpah aliyaunda siku ya kupiga picha, pale Parras, kaskazini mwa Meksiko.

Wanamdai Angel. Mapache anaonekana kukubali, kisha anamkata koo. Wanampiga risasi Mapache. Halafu linakuja jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha filamu nzima: kimya. Mamia ya askari wamesimama, hakuna anayefyatua. Wangeweza kuondoka. Dutch (Ernest Borgnine) anaanza kucheka. Pike anageuka, anamtazama mshauri wa kijeshi wa Kijerumani aliyekuwa na Mapache, anamwua kwa makusudi, na hapo ndipo jehanamu inapofunguka. Bombomu lililowekwa juu ya meza linapita mikononi mwa mmoja hadi mwingine. Pike anapigwa risasi ya mgongo na mwanamke, na risasi ya kummaliza inatoka kwa mtoto wa kiume aliyevaa sare.

Ukifika hapo ukumbuke wale watoto na nge.

Je, mwendo wa pole aliubuni yeye?

Hapana, wala hakuwahi kudai hivyo. Akira Kurosawa aliutumia katika kifo cha mwizi kwenye Seven Samurai (1954), na Arthur Penn katika mwisho wa Bonnie and Clyde (1967). Lombardo naye alikuwa ameshaujaribu kwenye televisheni. Kipya kilikuwa ule msuko: kuchanganya kasi mbalimbali ndani ya tukio moja na kurudi tena na tena kwenye mwili uleule unaoanguka. Wengi walioiga baadaye walichukua mwendo wa pole wakaacha msuko, ndiyo maana filamu zao zinachosha.

Iliwezekanaje filamu ya namna hiyo kuonyeshwa Marekani mwaka 1969?

Kwa miongo kadhaa studio za Hollywood zilifungwa na kanuni za maadili zilizoamua nini kionekane na nini kisionekane. Kanuni hizo zilikuwa zimekwisha kulegea, na mwezi Novemba 1968 nafasi yake ikachukuliwa na mfumo wa kupanga filamu kwa umri wa watazamaji. The Wild Bunch iliingia kwenye mlango uliokuwa umefunguliwa miezi michache tu kabla.

Sababu nyingine ni Vietnam. Wamarekani walikuwa wakila chakula cha jioni huku televisheni ikiwaonyesha miili. Peckinpah alikuwa na hasira kwamba vifo vimekuwa picha za kupitishia muda, na alisema wazi alitaka kumvuta mtazamaji ndani halafu amgeuzie kibao. Kupata burudani, kisha kujiuliza umeburudishwa na nini.

Kwa hiyo alikuwa anapinga ukatili au anaufurahia?

Yote mawili, na ndiyo maana bado tunambishia.

Alikuwa amemsoma Aristotle, na aliamini kwamba mtazamaji akiona ukatili jukwaani au kwenye kioo, ule ulio ndani yake unasafishika. Baadaye imani hiyo ilitikisika. Alieleza kwamba aliwahi kusikia kisa cha askari wa Nigeria walioonyeshwa The Wild Bunch kabla ya kwenda vitani. Walipandwa na mori wakakifyatulia risasi kioo, wakaenda kupigana wakitaka kufa kama William Holden. Kwa maneno yake, kisa hicho kilimtia kichefuchefu.

Mimi huona ni afadhali mtengenezaji anayeumwa na kazi yake kuliko yule asiyejiuliza. Lakini huo si utetezi kamili. Tukio la mwisho la The Wild Bunch linasisimua. Limetengenezwa lisisimue. Mtu akikuambia anachukizwa tu anapolitazama, ama hakulitazama vizuri ama hasemi ukweli. Peckinpah alijua kwamba ukatili una mvuto, alikiri mvuto huo uko ndani yake, na alikataa kuuficha. Mtazamaji anabaki na kazi ya kujijibu mwenyewe.

Kwa nini Straw Dogs ndiyo inayoleta ugomvi kuliko zote?

Kwa sababu ya tukio la ubakaji, na nitalieleza bila kuzunguka.

Filamu ni ya 1971, imepigwa Cornwall, Uingereza. David Sumner (Dustin Hoffman) ni mtaalamu wa hisabati kutoka Marekani, mpole, mwoga kiasi, aliyehamia kijiji alikozaliwa mkewe Amy (Susan George). Vijana wa kijijini wameajiriwa kuezeka paa la banda la gari. Wanamdharau David, wanamkodolea macho Amy. Paka wao anapatikana amenyongwa kabatini na David anashindwa hata kuwauliza. Siku moja wanampeleka kuwinda na kumwacha porini. Mmoja wao, Charlie, aliyewahi kuwa mpenzi wa Amy, anarudi nyumbani na kumbaka. Kisha anakuja wa pili.

Lawama kubwa ni kwamba katika sehemu ya kwanza Amy, baada ya kupambana na kupigwa, anaonyeshwa kama aliyelainika na kumshika Charlie kwa upole. Waliochukia walisema filamu inaeneza uongo wa kale kwamba mwanamke akikataa anamaanisha ndiyo. Wanaoitetea husema sehemu ya pili, ambayo ni hofu tupu, inafuta dhana hiyo, na kwamba kumbukumbu za tukio zinazomrudia Amy baadaye kwenye sherehe ya kanisani ni miongoni mwa picha za kweli kabisa za jeraha la moyo katika sinema ya enzi ile. Nimezisikia hoja zote mbili, na jibu langu ni hili: ile sherehe ya kanisani imetengenezwa kwa huruma kubwa, na ile sehemu ya kwanza ni kosa. Peckinpah alikuwa na uwezo wa kuona maumivu ya Amy. Hapo aliyaona nusu.

Kule Uingereza, baada ya sheria ya video ya mwaka 1984, filamu ilikosa kibali cha kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani hadi mwaka 2002. Jambo la kusikitisha ni kwamba toleo lililokuwa limepunguzwa kwa ajili ya soko la Marekani lilikuwa baya zaidi, kwa kuwa kilichokatwa kilikuwa sehemu ya pili, ile inayoonyesha hofu bila utata.

Mwandishi Pauline Kael, aliyekuwa akimpenda na kumsifu, aliiita kazi ya sanaa ya kifashisti. Neno hilo lilimchoma sana Peckinpah. Kael aliona kwamba filamu inamsifu mwanamume anayeukamilisha uanaume wake kwa kuua. Mimi siioni sifa hiyo. Baada ya David kuwaua wavamizi wa nyumba yake, anaondoka usiku kwa gari akiwa na Henry Niles, mtu ambaye David alikuwa akimlinda dhidi yao. Niles anasema hajui njia ya kurudi nyumbani. David anatabasamu na kusema hata yeye haijui. Mke wake amebaki nyuma, amekaa kwenye ngazi kati ya maiti. Kama huo ni ushindi, ni ushindi wa mtu asiye na mahali pa kurudi.

Alikuwa anawachukia wanawake?

Filamu zake ni za wanaume, na wanawake wengi humo wanapita kama vivuli au wanapigwa. Siwezi kulipinga hilo. Ila wapo watatu ambao anayetoa hukumu anapaswa kuwaona kwanza: Hildy, kahaba aliyechezwa na Stella Stevens kwenye The Ballad of Cable Hogue, mama wa Junior Bonner, aliyechezwa na Ida Lupino, na Elita wa Isela Vega kwenye Bring Me the Head of Alfredo Garcia, ambaye ana akili na utu kuliko kila mwanaume anayemzunguka.

Kwa nini filamu moja ina matoleo mengi?

Kwa sababu alipigana na karibu kila studio iliyompa kazi. Major Dundee (1965) ilikatwa bila ridhaa yake. Charlton Heston alifikia kutoa malipo yake mwenyewe ili mwongozaji asifukuzwe. Toleo lililorudishiwa sehemu ya vilivyopotea lilitoka mwaka 2005. Mwishoni mwa 1964 alifukuzwa kwenye The Cincinnati Kid, na nafasi yake ikachukuliwa na Norman Jewison. The Wild Bunch yenyewe ilipunguzwa dakika kadhaa ikiwa tayari kwenye majumba ya sinema, na kilichotolewa hakikuwa damu, bali kumbukumbu za nyuma zinazoeleza kwa nini Pike na Thornton, kiongozi wa wale wawinda vichwa, waliokuwa marafiki zamani, sasa wanawindana. Ziliporudishwa na filamu kuwasilishwa upya kwa wanaopanga filamu kwa umri wa watazamaji miaka ya 1990, ikapewa daraja kali kuliko la 1969, na ilibidi studio ipambane hadi ikaonyeshwa tena mwaka 1995.

Iliyoumia zaidi ni Pat Garrett and Billy the Kid (1973). Studio ya MGM ilimnyang'anya na kuitoa ikiwa na dakika 106. Toleo refu lilikuja kuonekana mwaka 1988, yeye akiwa ameshakufa.

Kuna tukio gani linaloonyesha kwamba si damu tu?

Ni la filamu hiyohiyo ya Pat Garrett. Sherifu mzee Baker, aliyechezwa na Slim Pickens, anajenga mashua uani kwake. Anasema siku moja ataondoka na nchi ile aiache. Garrett (James Coburn), mlinda sheria anayemwinda jambazi Billy, anamwomba msaada kuwakamata wenzake Billy, naye anakubali kwa shingo upande. Mkewe, aliyechezwa na Katy Jurado, anakuja na bunduki na anajua kuitumia kuliko wanaume. Katika majibizano ya risasi Baker anapigwa tumboni.

Hapo filamu inasimama. Baker anatembea polepole, mkono tumboni, hadi ukingoni mwa mto, anakaa kwenye jiwe. Mkewe anamfuata, anapiga magoti mbali kidogo, haendi kumshika. Wanatazamana. Mume anajua, mke naye anajua kwamba mumewe anajua. Mke anatabasamu huku machozi yakimtoka. Bob Dylan anaimba Knockin' on Heaven's Door, wimbo alioutunga kwa ajili ya filamu hii. Baker anayageukia maji, yale maji ambayo mashua yake haitayafikia.

Ni risasi moja iliyomwua mtu mmoja ambaye tumemjua kwa dakika chache tu, na Peckinpah anatufanya tumlilie kama wa kwetu. Anayesema alijua kumwaga damu tu, alitazame hilo.

Ni kweli alikuwa mlevi?

Ndiyo. Pombe miaka yote, na baadaye kokeini. Ilimharibia ndoa, urafiki na kazi. Filamu za baada ya 1974 zinaonyesha mkono unaotetemeka, ingawa kila moja ina tukio ambalo hakuna mwingine angeliweza. Sipendi masimulizi yanayougeuza ulevi wake kuwa sehemu ya kipaji. Ulimpunguzia filamu.

Ana filamu zisizo na mauaji?

Junior Bonner (1972), yenye Steve McQueen kama mpanda mafahali wa maonyesho anayerudi kwao Prescott, Arizona, na kukuta baba yake amefilisika na kaka yake anauza ardhi ya ukoo. Ni filamu nzuri mno na haikupata watazamaji. Peckinpah mwenyewe alilalamika kwamba alitengeneza filamu ambayo hakuna anayepigwa risasi na hakuna aliyekwenda kuitazama. Mwaka huohuo The Getaway, yenye McQueen yuleyule na bunduki za kutosha, ikaleta fedha nyingi.

Ile yenye kichwa ndani ya gunia ni ipi?

Bring Me the Head of Alfredo Garcia, 1974. Tajiri mmoja wa Meksiko anatoa dola milioni moja kwa atakayemletea kichwa cha kijana aliyempa mimba binti yake. Bennie, mpiga piano wa baa (Warren Oates), anajua kwamba kijana huyo ameshakufa kwa ajali. Kazi ni kufukua kaburi tu. Anakwenda na Elita. Kaburini Elita anauawa, na kutoka hapo Bennie anaendesha gari akiwa na kichwa kwenye gunia pembeni yake, nzi wamejaa, anakinunulia barafu, anaongea nacho, anakasirika nacho, mwisho anakitetea kama ndugu.

Wakosoaji wengi waliichukia. Roger Ebert alikuwa kati ya wachache walioitambua mapema. Peckinpah alisema ndiyo pekee iliyotoka jinsi alivyotaka. Miwani myeusi ya Bennie ni ya mtindo wa mwongozaji mwenyewe, na haihitaji mtu kukueleza huyo ni nani. Kwangu ni ya pili baada ya The Wild Bunch, na ni ya kweli kuliko zote.

Alitengeneza filamu ya vita?

Moja, Cross of Iron (1977), iliyopigwa Yugoslavia. Ni ya askari wa Kijerumani wanaorudi nyuma mbele ya Warusi mwaka 1943. Sajini (James Coburn) asiyeamini chochote tena, na kapteni (Maximilian Schell) anayetaka medali kwa gharama ya maisha ya wengine. Itazame.

Convoy ni yake kweli?

Ni yake, 1978, madereva wa malori na Kris Kristofferson. Iliingiza fedha kuliko filamu zake zote. Si nzuri.

Aliwahi kupata Oscar?

Hakupata. Alipendekezwa mara moja tu, kwa mswada wa The Wild Bunch pamoja na Walon Green na Roy Sickner, na tuzo ikaenda kwa Butch Cassidy and the Sundance Kid, filamu nyingine ya majambazi wa Magharibi wanaokimbilia nje ya nchi. Mwaka 1999 The Wild Bunch iliwekwa kwenye hazina ya taifa ya filamu za Marekani.

Nani wamefuata nyayo zake?

Wengi: Walter Hill, aliyemwandikia mswada wa The Getaway, Kathryn Bigelow, Quentin Tarantino. Lakini kwa msomaji wa Kiswahili aliyekulia kwenye vibanda umiza, njia fupi ni John Woo wa Hong Kong. Kama umeona The Killer (1989), Hard Boiled (1992) au Face/Off (1997), umeshaonja mkono wa Peckinpah bila kutajiwa jina lake: mwendo wa pole unaosukwa na wa kawaida, urafiki wa wanaume wanaopaswa kuwa maadui, uaminifu unaolipwa kwa kufa. Tofauti ni kwamba kwa Woo watu wanaruka kama wachezaji wa ngoma. Kwa Peckinpah wanaanguka, na wana uzito.

Nianze na ipi?

Ride the High Country, ili umjue mtu kabla hujaijua sifa yake. Kisha The Wild Bunch, toleo refu la dakika 145, si lile lililopunguzwa. Halafu Junior Bonner upumzike, Pat Garrett, na Alfredo Garcia. Straw Dogs iache hadi uwe na mtu wa kujadiliana naye baada ya kuitazama, na kama ubakaji ni jambo lililokugusa wewe au aliye karibu nawe, hulazimiki kuitazama kabisa.

Naweza kutazama na watoto?

Ride the High Country, kwa walio wakubwa kidogo, na Junior Bonner. Nyingine zote, wakishalala.